Lango lilikuwa la nani? Kufuatilia kibali cha safari cha mmisionari katika nchi za Kiarabu, 1918–1939

Anayeandika historia ya kanisa au ya tiba katika Bara Arabu hukwama mahali palepale mara kwa mara. Daktari wa misheni amepanga safari, masanduku ya dawa yamefungwa, jahazi limekodiwa, halafu ukurasa unaofuata yuko hospitalini kwake kana kwamba safari haikuwahi kutajwa. Alizuiwa. Ripoti ya misheni hulipita jambo hilo juu kwa juu, kwa sababu iliandikwa ili kuwatia moyo wafadhili na si kuanika mvutano na maofisa. Habari yenyewe imo katika mafaili ya serikali iliyotoa au kunyima ruhusa, na mengi ya mafaili hayo siku hizi yanasomeka bure mtandaoni, ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Maskati.

Kosa linalokula muda kuliko yote ni kuanza na jina la mmisionari. Anza na lango: alitaka kuingia wapi, mwaka gani, na nani wakati huo alikuwa na uwezo wa kusema hapana. Ukilijua lango utajua ofisi, ukiijua ofisi utajua faili, na jina litajitokeza humo lenyewe.

MALANGO YA NAMNA TATU

Kati ya vita vikuu viwili vya dunia hapakuwa na sheria moja ya nchi za Kiarabu. Kila eneo lilikuwa na komeo lake.

Namna ya kwanza ni nchi za udhamini, yaani zilizokabidhiwa Uingereza au Ufaransa kwa jina la Shirikisho la Mataifa (League of Nations): Palestina na ng'ambo ya Jordan, Siria na Lebanoni, na Iraki kwa njia ya mkataba. Huko haki ya wamisionari iliandikwa. Itafute katika ibara ya 16 ya hati ya udhamini wa Palestina, ibara ya 10 ya hati ya Siria na Lebanoni, na ibara ya 12 ya mkataba wa Uingereza na Iraki wa 10 Oktoba 1922. Zisome zote tatu kabla ya kufungua faili lolote, maana kila moja ina sharti lililofungwa mkiani. Ya Iraki inasema kazi ya misheni isizuiwe, ilimradi haidhuru amani na utawala mwema. Ya Siria inawalinda wamisionari ilimradi shughuli zao zibaki katika mambo ya dini. Ofisa aliyetaka kuzuia safari hakuhitaji kuipinga ibara, alilishika sharti. Msomaji wa Tanzania anaweza kulinganisha na hati ya udhamini wa Tanganyika, ambayo iliwapa wamisionari wa nchi wanachama wa Shirikisho uhuru wa kuingia, kusafiri na kukaa nchini. Ibara ya Iraki haitaji kusafiri hata mara moja. Kwa kuongezea, Marekani, walikotoka wamisionari wengi wa Basra na Baghdad, haikuwa mwanachama wa Shirikisho, na haki za raia wake nchini Iraki zilihitaji mkataba wa peke yake, uliotiwa saini London tarehe 9 Januari 1930. Kwa hiyo barua ya 1927 na barua ya 1932 kuhusu Mmarekani yuleyule zinasimama juu ya misingi tofauti. Usizichanganye.

Namna ya pili ni pwani ya Ghuba na Maskati, na hapa ndipo kazi ilipo nyingi. Mashehe wa pwani ambayo leo ni Falme za Kiarabu waliahidi mwaka 1892 kutoruhusu wakala wa serikali nyingine kukaa kwao bila idhini ya Uingereza. Kuwait iliweka ahadi ya jinsi hiyo tarehe 23 Januari 1899, na Qatar tarehe 3 Novemba 1916. Soma kwa makini neno wakala wa serikali. Daktari wa misheni hakuwa wakala wa serikali yoyote, hivyo mkataba peke yake haukutosha kumfungia mlango. Ndiyo maana katika mafaili haya mara nyingi anayetajwa kwamba hamtaki mgeni ni shehe. Ukikuta hivyo, usiandike bado kwamba shehe alikataa. Rudi nyuma karatasi kumi au ishirini uone kama kuna ofisa aliyemshauri kwanza. Wakati mwingine utamkuta ofisa huyo. Wakati mwingine shehe alikuwa na sababu zake kamili, na kumnyima heshima ya uamuzi wake ni kosa lilelile la wale waliomwandikia barua.

Bahrain ina jambo lake. Amri ya kifalme ya 1913, iliyoanza kutumika 1919, iliwaweka wageni chini ya mamlaka ya wakala wa kisiasa wa Uingereza. Kuwait ilipata amri yake 1925. Kwa hiyo Mmarekani wa Manama, mji mkuu wa Bahrain, alikuwa na mabwana wawili: mtawala wa nchi, na ofisa wa Kiingereza aliyeweza kumfikisha mahakamani.

Maskati ni kinyume chake. Marekani ilikuwa na mkataba wa 21 Septemba 1833 na Sayyid Said bin Sultan, Sayyid Said yuleyule aliyehamishia makao yake Unguja, na mkataba huo uliwaruhusu Wamarekani kuingia katika bandari zake zote. Kati ya vita viwili ulikuwa ungali hai. Lakini umesema bandari. Baada ya mapatano ya Sib ya 25 Septemba 1920, ndani ya Omani palikuwa chini ya Imamu Muhammad bin Abdullah al-Khalili na viongozi wa makabila, na karatasi ya Sultan Taimur bin Faisal, au ya Said bin Taimur aliyemfuata 1932, nguvu yake iliishia milimani. Daktari aliyetaka kwenda Sharqiyya, mashariki mwa Omani, alihitaji neno la mtu kama Shehe Isa bin Salih al-Harthi. Wasomaji wenye jamaa wa Kiharthi Unguja au Pemba hawahitaji kuelezwa uzito wa jina hilo. Ukiona faili la Maskati linazungumzia kibali bila kutaja ni kibali cha wapi, weka alama ya kuuliza.

Namna ya tatu ni wafalme na maimamu waliofungua mlango kwa mkono wao wenyewe. Katika himaya ya Ibn Saud, mwanzilishi wa Saudi Arabia, daktari aliingia kwa mwaliko, akatibu, akaondoka. Misheni haikupata kituo cha kudumu Najd, katikati ya Bara Arabu. Dk. Paul Harrison aliitwa Riyadh mwaka 1917. Mwaka 1923 Dk. Louis Dame aliitwa kumtibu Ibn Saud mwenyewe. Mwaliko wa leo haukuwa haki ya kesho, na ulimhusu aliyetajwa tu: ukiona mhubiri ameandamana na daktari, tafuta kama jina lake limo katika barua ya mwaliko. Zingatia pia mipaka ilivyohama: Hasa, eneo la mashariki mwa Bara Arabu, ilikuwa mkononi mwa Ibn Saud tangu 1913, Makka tangu Oktoba 1924, Jedda tangu Desemba 1925. Makka na Madina zilikuwa marufuku kwa asiye Mwislamu, kwa hiyo ombi lolote linalotaja Hijazi linahusu Jedda au Taif na njia zake. Yemeni ya Imamu Yahya ilifuata mtindo wa mwaliko vilevile, na anayeifuatilia aanzie Aden, ambako misheni ya Keith-Falconer ilikuwa na hospitali yake Sheikh Othman.

Misri ni somo la peke yake. Wageni walikuwa na kinga za mahakama hadi mkataba wa Montreux wa 8 Mei 1937 ulipoanza kuziondoa, na mzozo wa 1928, mmisionari wa Kimarekani Samuel Zwemer alipogawa vijikaratasi vya dini ndani ya Al-Azhar, ulihusu zaidi kuhubiri kuliko kusafiri. Usiuchukue kama mfano wa Ghuba.

MAFAILI YAKO WAPI

Kwa Ghuba, mlango wa kwanza ni maktaba ya kidijitali ya Qatar, iliyofunguliwa 2014 kwa ushirikiano wa Maktaba ya Taifa ya Qatar na Maktaba ya Uingereza. Humo mna picha za kurasa za mafaili ya Ofisi ya India, wizara ya London iliyosimamia mambo ya India, na maandishi yaliyotolewa na mashine chini ya picha. Hakuna malipo. Kama unatumia simu na bando dogo, soma kwanza maelezo ya faili, kisha maandishi ya mashine, na ufungue picha pale tu unapohitaji kuhakikisha.

Zijue namba hizi kama unavyojua namba za daladala. IOR ni kifupi cha India Office Records, kumbukumbu za Ofisi ya India. IOR/R/15/1 ni ofisi ya Mkazi (Resident), mwakilishi mkuu wa Uingereza huko Bushire, pwani ya Uajemi, aliyesimamia Ghuba yote. R/15/2 ni wakala wa Bahrain. R/15/4 ni Sharjah, R/15/5 ni Kuwait, R/15/6 ni Maskati. R/15/3 imerukwa kwa sababu ni ya mahakama ya wakala wa Bahrain; ifungue kama mmisionari alishtaki au alishtakiwa. Aden ni R/20. Makaratasi ya London yenyewe yako L/PS/10, L/PS/11 na L/PS/12, na hii ya mwisho ndiyo muhimu kuanzia 1931 hivi.

Barua moja iliyoandikwa Manama kwa kawaida iliacha nyayo mara tatu: nakala ya ofisi katika R/15/2, barua yenyewe katika R/15/1, na nakala iliyopelekwa London katika L/PS. Faida yake ni kubwa. Faili la Bahrain likikosa jibu, usikate tamaa, nenda Bushire. Na maoni makali ya ofisa juu ya mmisionari huwa Bushire au London, kwa kuwa huko ndiko alikoandika bila kuhofia kwamba karani wa Manama atasoma.

Kuna mtego wa wizara. Kuanzia 1921 hadi 1933 siasa ya upande wa Kiarabu wa Ghuba ilipitia Wizara ya Makoloni. Kwa hiyo kesi ya 1925 inaweza kuwa na nusu yake katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, chini ya CO 732 ya Mashariki ya Kati. Iraki ni CO 730, Palestina CO 733, Aden CO 725, na Wizara ya Mambo ya Nje ni FO 371. Haya mengi hayako mtandaoni, ila katalogi yake iko, na unaweza kuagiza nakala ukiwa na namba kamili.

Kwa upande wa Marekani, kumbukumbu za Wizara ya Mambo ya Nje ni kundi la 59 katika Hifadhi ya Taifa ya Marekani huko College Park, Maryland. Kumbuka kwamba Marekani iliitambua serikali ya Ibn Saud 1931 tu, ikatia saini mapatano ya awali Novemba 1933, na haikuwa na ubalozi Jedda hadi 1942. Kwa kipindi chote hiki Mmarekani aliyekwama Hasa hakuwa na mtu wa serikali yake wa kumwendea karibu. Ndipo utakapoona kwa nini jina la ofisa wa Kiingereza linatokea katika shida ya raia wa Marekani. Siria na Lebanoni zinahitaji Kifaransa na hifadhi ya Nantes, Ufaransa.

Upande wa misheni, wengi wa watu hawa walikuwa wa Misheni ya Arabia, iliyoanzishwa 1889 na kupokewa rasmi na Kanisa la Reformed la Marekani 1894. Ilikuwa na vituo Basra, Bahrain, Maskati na Kuwait. Jarida lake, Neglected Arabia, lilitoka mara nne kwa mwaka. Makaratasi ya kanisa hilo yanahifadhiwa New Brunswick, New Jersey. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society) waliokuwa Palestina na ng'ambo ya Jordan wako katika maktaba ya utafiti ya Cadbury, Chuo Kikuu cha Birmingham.

KULITAFUTA JINA BILA KUZAMA

Mashine ya kutafuta haina huruma. Ukiandika Storm, ukimtaka Dk. Harold Storm aliyefunga safari ndefu ya kuizunguka Bara Arabu mwaka 1935 na 1936, utaletewa kila dhoruba iliyowahi kuvuma Ghuba. Harrison ni jina la watu wengi. Lipe jina hilo jirani: Storm pamoja na Mission, Dame pamoja na Riyadh, au jina la mmisionari pamoja na jina la wakala wa mwaka huo. Hapo ndipo orodha ya maofisa inapokuokoa. Bahrain: Daly 1921–26, Prior 1929–32, Loch 1932–37, Weightman 1937–40. Kuwait: More hadi 1929, Dickson 1929–36, de Gaury 1936–39. Bushire: Biscoe 1929–32, Fowle 1932–39. Likizo zilikuwa ndefu na kulikuwa na makaimu, basi saini usiyoitambua katika miezi ya joto si lazima iwe kosa lako.

Jaribu tahajia zote. Bahrain huandikwa pia Bahrein, Kuwait huandikwa Koweit, Qatar ni Katar, Maskati ni Muscat au Maskat, Hasa ni Hassa, Dubai ni Debai au Dibai, Sharjah ni Shargah, Ibn Saud ni Bin Saud. Mashine iliyosoma taipu iliyofifia inakosea zaidi: herufi r na n zikikaribiana zinakuwa m, na mwandiko wa mkono mara nyingi haukusomwa vizuri. Maana yake ni kwamba maoni ya pambizoni, ambayo mara nyingi ndiyo uamuzi wenyewe, si rahisi kuyapata kwa kutafuta. Lazima uyaone kwa macho.

Wanawake wanapotea kirahisi kuliko wote. Dk. Eleanor Calverley, daktari wa Kuwait, katika barua ya serikali anaweza kuwa Bi. Calverley tu, mke wa mchungaji. Tafuta kwa jina la mume, kisha soma kinachosemwa juu ya mke. Jambo hili si la pembeni, kwani ni madaktari na wauguzi wanawake walioweza kuingia kwa wake na mabinti wa mashehe, na mwaliko uliofungua mji wakati mwingine ulianzia huko.

Wafanyakazi wa kienyeji na wauza vitabu wa misheni wanapotea zaidi bado, kwa sababu mara nyingi hawatajwi kwa jina. Ni mtumishi, mkalimani, mpishi, msaidizi. Walihitaji ruhusa kama bwana wao, na mara nyingine wao ndio waliokamatwa. Kila unapokutana na mtu wa namna hiyo, mwandikie mstari wake katika daftari lako, hata kama jina halipo. Jamaa zetu wa Pwani wana sababu ya kulisisitiza hili: mwaka 1896 Peter Zwemer wa Misheni ya Arabia alipokea Maskati watoto wa kiume 18 wa Kiafrika waliookolewa kutoka jahazi la watumwa, akawafungulia shule. Anayechunguza miaka ya baadaye na asiwasahau waliokulia ndani ya misheni.

KULISOMA FAILI

Faili la ofisi ya India linakaa kama mkate wa tabaka. Barua zimepangwa kwa tarehe, na mwishoni aghalabu pana kurasa za muhtasari ambamo karani aliorodhesha kila barua kwa mstari mmoja au miwili, pamoja na maoni mafupi ya maofisa. Anzia hapo mwisho. Katika nusu saa utakuwa umelipata umbo la kesi nzima, na utajua barua zipi zimetolewa au zimehamishiwa faili jingine.

Namba za karatasi ziko kona ya juu kulia, kwa penseli, zimezungushiwa duara. Nukuu namba hizo, pamoja na herufi r kwa uso wa karatasi na v kwa mgongo wake. Kuna faili zenye namba za zamani zilizoandikwa na makarani, ambazo hazifuatani na za leo. Ukinukuu hizo hakuna atakayekuta ulichokuta.

Kabla ya kuamini maneno ya barua, iangalie ni karatasi ya aina gani. Rasimu ina maneno yaliyokatwa kwa wino na haina uhakika wa kutumwa. Barua yenye D.O. ni barua nusu rasmi kati ya ofisa na ofisa, na ndani yake utakuta ukweli ambao barua rasmi ya siku hiyohiyo inauvika kanzu. Barua iliyotumwa kwa ndege kwa mtindo wa simu ina maelezo yaliyochapwa juu kwamba ni njia ya haraka kuliko posta ya kawaida na nafuu kuliko telegramu. Usiinukuu kama telegramu. Telegramu yenyewe ina kichwa chenye herufi kama R, Q au XX, inayoonyesha msimbo wa siri uliotumika. Jambo dogo la daktari na dawa zake likitumwa kwa msimbo wa siri, jiulize ofisa alimficha nani. Makaratasi ya London katika L/PS/12 yana muhuri wa P.Z. na namba na mwaka. Namba hiyo ndiyo uzi wa kuunganisha barua moja katika mafaili mawili.

Linalokosewa mara nyingi ni kuisoma barua ya kukataza na kufunga faili. Soma hadi miezi sita mbele. Mara nyingi safari iliyokataliwa Machi iliruhusiwa Novemba, baada ya shehe mmoja kuugua au ofisa mmoja kuhamishwa.

TAREHE

Barua za Ibn Saud, za mashehe na za Imamu zina tarehe za Hijria. Karani alizigeuza, na alikosea. Zigeuze mwenyewe, kisha uandike zote mbili. Kikokotoo chako kijaribu kwa siku inayojulikana: tamko la kuunganisha Saudi Arabia lilianza kutumika tarehe 21 Jumada al-Ula 1351, nayo ni 23 Septemba 1932. Vikokotoo vingi vinavyofuata hesabu ya jedwali vitakupa 22 Septemba. Hicho si kikokotoo kibovu. Mwezi ulianza ulipoonekana, na jedwali halioni mwezi. Acha basi nafasi ya siku moja, hata mbili, kila upande, wala usijenge hoja juu ya barua mbili zilizopishana kwa siku moja kama moja yake ni ya Hijria.

Saa nazo ni hivyo. Saa za Kiarabu zilihesabiwa kuanzia machweo, na Mzungu aliyezoea saa za usiku wa manane alizichanganya. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa: anajua tangu utotoni kwamba jua likizama ni saa kumi na mbili, na kwamba saa mbili usiku haiko mbali na magharibi. Ukiona msafiri analalamika kwamba mwenyeji wake alichelewa saa sita kamili, huenda hakuchelewa.

KUISOMA SABABU

Katika mafaili haya sababu inayoandikwa ya kuzuia safari ni nadra kuwa dini. Huandikwa usalama, wakati usiofaa, kutokuwa na uwezo wa kumlinda mgeni, au hofu ya kumuudhi mtawala jirani. Usizidharau sababu hizo kama visingizio, na usizimeze nzima. Ziweke juu ya kalenda ya mambo yaliyokuwa yakitokea.

Chukua Januari 1929. Mchungaji Henry Bilkert wa Misheni ya Arabia alipigwa risasi na kufa ndani ya gari, akisafiri kutoka Basra kwenda Kuwait pamoja na Charles Crane, yule Mmarekani wa tume ya 1919 ya Palestina na Siria. Waliowashambulia walikuwa Ikhwan, wapiganaji wa kidini waliokuwa wa Ibn Saud kwanza, wakati ambapo uasi wao dhidi ya Ibn Saud ulikuwa ukipamba moto. Ofisa aliyeandika mwaka ule kwamba njia ya jangwani si salama alikuwa na kaburi la kuonyesha. Lakini sababu hiyohiyo ya usalama ikiandikwa 1936 kuhusu kijiji cha pwani ya Qatar, kaburi hilo halielezi kitu. Angalia kingine: mafuta. Yalipatikana Bahrain 1932, na mwaka uleule ndege za Imperial Airways zilianza kutua Sharjah. Kuanzia hapo kila Mmarekani aliyevuka kwenda bara alikuwa, machoni pa baadhi ya maofisa, huenda ni jicho la kampuni, hata kama mkononi ana mkasi na kloroformu. Makampuni ya Kimarekani yalikuwa Bahrain tayari, na Hasa tangu mkataba wa Mei 1933. Kwa hiyo katika kila katazo la baada ya 1932 angalia faili la mafuta la sehemu hiyo kwa mwezi huo. Mara nyingi majibu yako yako humo, na jina la mmisionari halimo.

Upo pia uwajibikaji, sababu ninayoiona kuwa nzito kuliko watafiti wanavyokubali. Serikali ya Uingereza ilidai kuwawakilisha mashehe mbele ya mataifa mengine. Mmarekani akiuawa kwenye ardhi ya shehe, Washington ingeuliza London. Ofisa mdogo aliyejua hilo aliona kwamba ruhusa ingemletea lawama na katazo lisingemletea lolote. Uyaone maandishi yake kwa jicho hilo, ndipo utaelewa ni kwa nini katazo lake lina adabu na halina maelezo.

Kisha linganisha na ripoti ya misheni. Weka barua mbili ubavuni: ya daktari kwa ofisa, na makala yake katika jarida miezi michache baadaye. Kwa ofisa anataja wagonjwa na ugonjwa wa macho. Kwa wafadhili anataja Injili. Yote mawili ni kweli yake, na wenyeji waliyajua yote mawili. Usichague moja na kuliita unafiki. Andika alichosema, kwa nani, siku gani.

DAFTARI

Fungua lahajedwali lenye safu hizi: tarehe ya Kizungu, tarehe ya Hijria, mwandishi, mpokeaji, aina ya karatasi, mahali palipoombwa, jibu, sababu iliyoandikwa, nani alishauriwa kabla, namba ya faili na karatasi. Safu ya mahali iwe na miji miwili: alikotoka na alikokwenda. Kutoka Manama kwenda Riyadh hakukuwa kibali kimoja. Jahazi lilivuka hadi bandari ya Uqair, kutoka hapo msafara ukaenda Hofuf, mji mkubwa wa Hasa, na kutoka Hofuf ukaingia jangwani. Mtu aliweza kuwa na ruhusa ya kufika Hofuf na akangoja hapo majuma kadhaa akisubiri neno la Riyadh. Kila kituo kiwe na mstari wake.

Safu ya sababu iandike kwa maneno ya hati yenyewe, na safu ya pembeni uweke maoni yako. Ukizichanganya, baada ya mwezi hutajua lipi ni la Loch na lipi ni lako.

Faili likikosekana kabisa, soma taarifa fupi za habari za wakala wa Bahrain au Kuwait, zilizoandikwa mara kwa mara na kuorodhesha wageni waliofika na kuondoka, pamoja na ripoti za mwaka za utawala wa Ghuba. Mstari mmoja kwamba daktari fulani ameondoka kwenda Hasa tarehe fulani hautakueleza ruhusa ilitoka kwa nani, lakini utakupa tarehe, na ukiwa na tarehe unarudi R/15/1 ukiwa na la kutafuta.